Riwaya na Filamu ya Xala: Suala la Lugha kwa Mtunzi Mmoja

1.0 Utangulizi

Tafiti kuhusu riwaya zilizohawilishwa kuwa filamu aghalabu huanza na swali la uaminifu: je, mwongozaji amemtendea haki mwandishi? Kwa Xala swali hilo halina mashiko, kwani Ousmane Sembène wa Senegal ndiye aliyeandika riwaya hiyo, iliyochapishwa mwaka 1973, na ndiye aliyeongoza filamu yake ya mwaka 1975. Makala haya yanachunguza namna mabadiliko ya lugha kutoka kitabuni hadi kwenye filamu yanavyoathiri dhamira ya kazi hiyo.

2.0 Kisa kwa Muhtasari

Katika kazi zote mbili, El Hadji Abdou Kader Beye, mfanyabiashara wa Dakar, anaoa mke wa tatu. Usiku wa harusi anapatwa na xala, yaani laana ya kupoteza nguvu za kiume. Anahangaika kwa waganga, biashara yake inaporomoka na wenzake wanamfukuza katika kundi lao. Hatimaye inabainika kuwa aliyemtupia laana ni ombaomba ambaye El Hadji aliidhulumu ardhi ya ukoo wake. Xala, kwa hiyo, ni ishara ya tabaka lililorithi vyeo baada ya uhuru wa mwaka 1960 lakini halina uwezo wa kuzalisha chochote.

3.0 Lugha katika Riwaya na Filamu

Riwaya imeandikwa kwa Kifaransa. Rama, binti wa El Hadji, ni mtetezi wa Kiwolofu, lakini hata maneno anayoyasema kwa Kiwolofu msomaji huyapata kwa Kifaransa. Kitabu kinachokosoa utumwa wa lugha kinalazimika kuitumia lugha hiyohiyo, na wengi wa wanyonge kinaowatetea hawawezi kukisoma.

Filamu inaipunguza kinzani hiyo. Baba anamsemesha bintiye kwa Kifaransa, binti anajibu kwa Kiwolofu, na hasira ya baba inaeleweka hata kwa mtazamaji asiyejua lugha hizo. Jambo hilo linapata uzito zaidi katika kikao cha kumfukuza El Hadji. Mtu huyu aliyemkemea bintiye kwa kutumia Kiwolofu sasa anaomba kujitetea kwa Kiwolofu, naye anakataliwa. Anarejea kwenye lugha ya mama akiwa amekwisha kupoteza kila kitu kingine.

4.0 Mwanzo na Mwisho

Filamu inafungua kwa tukio la kejeli: Waafrika wanawatoa Wafaransa katika Chama cha Wafanyabiashara, kisha Wafaransa haohao wanarudi na mikoba iliyojaa noti. Picha hizo zinafanya kazi ambayo riwaya huifanya kwa maelezo ya msimulizi.

Miisho nayo inatofautiana. Katika zote mbili, El Hadji anavua nguo na ombaomba wanamtemea mate ili apone. Riwaya inafungwa nje ya nyumba, askari wakiwa wameelekeza silaha zao; dola bado inamlinda tajiri. Filamu inaganda juu ya mwili uliojaa mate, na hukumu ya wanyonge inabaki kuwa neno la mwisho.

Hata hivyo, kuna kilichopotea. Riwaya inaeleza kwa kina upweke wa Adja Awa Astou, mke wa kwanza, aliyeuacha Ukristo na kutengana na baba yake aliyeko kisiwani Gorée. Kwenye filamu, sehemu kubwa ya uchungu huo inabebwa na ukimya wake.

5.0 Hitimisho

Riwaya ilikuwa imekaa mikononi mwa wasomaji kwa miaka miwili wakati serikali ilipoagiza filamu ikatwe sehemu kumi kabla ya kuonyeshwa Senegal. Sembène alijibu kwa kugawa vipeperushi vilivyoeleza yaliyoondolewa. Inaelekea kilichotishia watawala kilikuwa upana wa hadhira kuliko kisa chenyewe. Uhawilishaji, basi, haupaswi kupimwa kwa uaminifu pekee. Sharti tuulize pia ni nani aliyewezeshwa kuisikia hadithi inayomhusu.