Paka Hashitaki Maradhi Yake

Kila mwenye kufuga paka ajua ya kuwa mnyama huyu ni mstahimilivu kupita kiasi. Mbwa akiumia mguu hulia hata jirani akasikia; paka hunyamaza, akajitenga chini ya kitanda au nyuma ya magunia, akalala. Ada hii ni ya tangu asili yake ya porini, kwani paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na mnyama mdogo akidhihirisha udhaifu wake huwa amewaita adui zake. Kuishi na watu kwa maelfu ya miaka hakukumwondolea ada hiyo. Basi watu wa nyumbani husema, “Huyu amezeeka, apenda kulala,” na siku wanapotambua kuwa ni mgonjwa, maradhi huwa yamekwisha kumla sehemu kubwa ya mwili.

Tutazame maradhi ya figo, ambayo huwapata sana paka wenye umri mkubwa. Kipimo cha damu kilichozoeleka zaidi, cha kupima kreatinini, kwa kawaida hakionyeshi kasoro mpaka figo zimepoteza kiasi cha robo tatu za nguvu zake. Lakini mara nyingi kabla ya hapo paka huwa ameanza kunywa maji zaidi na kukojoa zaidi, na uzito wake kupungua kidogo kidogo. Dalili zipo, asiyekuwapo ni mtu wa kuzihesabu. Maana ni nani akeshaye usiku kucha ajue paka ameliendea bakuli la maji mara tatu au mara saba?

Kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo wataalamu wa zama zetu waliyoikabidhi mashine. Katika nchi ya Japani, ambako paka wengi hufungiwa ndani ya nyumba za ghorofa, kampuni ya Sharp ilitoa mwaka 2018 sanduku la mchanga la paka lenye mizani ndani yake, linalopima uzito wa mnyama, kiasi cha mkojo wake, na mara ngapi ameingia humo. Mwaka uliofuata kampuni ya RABO ya Tokyo ikatoa mkanda wa shingoni uitwao Catlog, wenye kidude chepesi kinachopambanua kama paka amelala, anatembea, anakimbia, anakula, au anajilamba, na kupeleka habari hizo katika simu ya mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza: kidude kilichofungwa shingoni kitajuaje kuwa huku ni kula na kule ni kujilamba, nacho hakina macho? Ndani yake mna akselerometa, yaani chombo kidogo sana kinachopima mwendo wa kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, mara nyingi katika kila sekunde. Paka akinywa maji kichwa huinama na kutikisika kwa mapigo madogo yenye mpango, akijikuna mtikisiko huwa wa kasi na wa nguvu, akilala, kimya. Ili kuifundisha kompyuta, wataalamu huwapiga wanyama picha za video hali wamevaa vidude hivyo, kisha watu huketi wakaandika, dakika kwa dakika: hapa anakula, hapa anajikuna. Kompyuta hupewa maelfu ya mifano ya namna hiyo hata ikaweza kuitambua alama ya kila tendo pasipo kuiona video. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya jambo hili linaloitwa akili mnemba: ni ustahimilivu wa watu walioketi kuandika. Kwa njia hiyo wataalamu walionyesha mwaka 2021, katika utafiti juu ya mbwa, ya kuwa kidude kimoja tu cha shingoni chatosha kupambanua kula, kunywa, kujilamba na kujikuna.

Yafaa kufahamu kwamba kidude hakijui maradhi. Hakisemi “figo” wala “moyo”. Kinachojua ni desturi ya mnyama yule mmoja: kwamba kwa majuma kadha alilala saa kadha, akajilamba kiasi kadha, na juma hili mambo yamegeuka. Paka wa jirani si kipimo chake. Paka huyu ndiye kipimo cha nafsi yake.

Faida yake yaonekana zaidi katika maradhi ambayo watu huyadhania kuwa ni uzee. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya kuzitazama picha za eksirei za paka 100, wakaona kuwa katika paka waliopita umri wa miaka 12, asilimia 90 walikuwa na viungo vilivyoharibika. Na mwaka 2007 Duncan Lascelles wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, pamoja na wenzake, waliwavisha paka wachache wenye maradhi ya viungo vidude vya kuhesabu mwendo, kisha wakawapa dawa ya kutuliza maumivu. Hesabu ya mwendo ikapanda. Maana yake ni nini? Ni kwamba ule utulivu wa kukaa dirishani mchana kutwa, tunaousifu kuwa ni heshima ya paka mzee, pengine ni maumivu tu.

Liko jambo jingine lisilongoja hata juma moja. Paka dume huweza kuziba njia ya mkojo. Huenda kwenye mchanga, akachutama, akakakamuka, asitoe kitu. Akarudi tena baada ya dakika chache. Watu wengi hudhani amefunga choo. Njia ikiziba kabisa, sumu hujaa katika damu, moyo ukaharibikiwa, na mnyama huweza kufa kwa siku mbili tatu. Sanduku lenye mizani likiona ameingia mara kumi katika usiku mmoja pasipo mkojo, na bwana wake akaamshwa, huenda asubuhi ikamkuta hai.

Hata hivyo, wauzaji husifu mali yao, na mnunuzi apaswa kufanya hesabu yake mwenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, kuna paka 1,000, na kati yao 10 ndio wagonjwa. Tuseme tena kwamba chombo ni hodari, chawatambua 9 katika wale 10, na huwakosea wazima 5 tu katika kila 100. Wazima ni 990. Basi watakaopigiwa mbiu bure ni kama 50. Jumla ya mbiu ni 59, na za kweli ni 9. Mwenye kulijua hili hataingiwa na hofu kwa kila mlio wa simu, wala hatampa paka dawa kwa kuambiwa na mashine. Atamtazama mnyama, na akiona shaka atampeleka kwa daktari wa mifugo. Na hao 9 wasidharauliwe kwa sababu ya wale 50.

Tena vidude hivi vyategemea kampuni iliyo mbali. Whistle ya Marekani ilikuwa maarufu sana kwa mikanda ya mbwa. Mwaka 2025 ilinunuliwa na Tractive ya Austria, na mikanda ya Whistle ikakoma kufanya kazi. Waliokuwa nayo walibaki na plastiki shingoni mwa mbwa.

Kwa nyumba zetu nyingi vyombo hivyo ni ghali, na paka wetu huzurura juani na mapaani. Lakini lipo jambo moja la hesabu lisilotaka mashine. Paka akiwa usingizini hasa, tazama ubavu wake ukipanda na kushuka, na kila kupanda na kushuka kuwa ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Aliye mzima kwa kawaida hapiti pumzi 30. Mtoto wa shule aweza kupewa kazi hii na daftari lake. Paka akipita 30 mara kwa mara hali amelala, huenda moyo au mapafu yana kasoro, na asicheleweshwe kwa daktari. Akihema kinywa wazi, ni siku ile ile.

Na itakapothibitika kuwa anaumwa, asipewe Panadol, hata kipande. Ini la paka haliwezi kuiyeyusha sumu ya dawa ile kama ini la mtu. Damu yake hushindwa kuchukua oksijeni, ufizi ukawa wa rangi ya kahawia, uso na miguu ikavimba. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 chaweza kumwua.