Mifupa ya Mtwapa na Suala la Asili Yetu

Habari nyingi za sayansi zinazotufikia siku hizi huzungumza juu ya nyota za mbali, roketi na mashine zenye kujibu maswali ya wanadamu. Tunazisoma, tunasema Subhanallah, kisha tunarudi katika shughuli zetu. Lakini ile iliyochapishwa tarehe 29 Machi 2023 katika jarida la Nature ilizungumza juu ya makaburi ya wazee wetu, na mazungumzo yake hayajesha katika baraza za Kibokoni na Kuze. Tumeona inafaa kuieleza kwa utulivu, kwani wengi wameisikia nusu nusu, na kila mmoja amechukua nusu inayompendeza.

Wataalamu, wakiwamo Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyefanya utafiti Mwambao kwa miongo kadhaa, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichunguza vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani baina ya mwaka 1250 na 1800 Miladia, miongoni mwayo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Kwetu sisi wa kisiwani, Mtwapa si jina geni. Wamtwapa ni mojawapo ya Tisa Taifa za Mvita, na ziko nyumba mjini humu zinazohesabu wazee wao hadi katika mji ule uliohamwa, ambao magofu yake bado yapo kando ya hori.

Vinasaba husomwaje katika mfupa wa mtu aliyefariki miaka mia sita iliyopita? Joto na unyevu wa pwani huviharibu upesi, lakini mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huvihifadhi kuliko mifupa mingine. Humo mna maandishi ya aina mbili yanayotufaa hapa. Yako yanayorithiwa kutoka kwa mama peke yake, yaliyomo katika mitokondria, na yako yaliyomo katika kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume. Anayesoma yote mawili huweza kujua upande wa kikeni ulitoka wapi na upande wa kiumeni ulitoka wapi.

Majibu yalikuwa haya. Katika wengi wa watu wale wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo ilikuja hasa kwa njia ya wanawake. Fungu kubwa lililobaki ni la Asia, na katika fungu hilo baina ya asilimia 80 na 90 lilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na sehemu ndogo yenye asili ya Bara Hindi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000 Miladia, wakati ule ule Uislamu ulipokuwa ukienea katika miji yetu. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili inayotoka Arabuni ndiyo iliyozidi kuongezeka.

Wazee waliotusimulia habari za Washirazi, basi, hawakuwa watunzi wa ngano. Tarikhi ya Kilwa, ambayo João de Barros wa Ureno aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1552, inawataja watu waliotoka Shirazi. Kwa muda mrefu baadhi ya wanazuoni waliichukulia kuwa ni madai ya watu waliotaka kujipatia heshima. Mifupa imeitolea ushahidi. Hata hivyo, mifupa hiyo hiyo imewakanusha wale waliodai kwamba miji hii ilijengwa na wageni na wenyeji wakawa watazamaji tu. Mama wa miji hii ni Mwafrika. Yeye ndiye aliyewalea wana wa wasafiri wale, nao wakakua wakizungumza lugha yake. Kiswahili ni ndugu wa lugha za Wamijikenda, Wapokomo na Wangazija. Maneno ya Kiarabu na ya Kiajemi yaliingia humo kama wageni waingiavyo katika nyumba, nayo nyumba ikabaki ya mwenyewe.

Jambo hilo tulikuwa tukilijua pasi na maabara. Masimulizi ya Mvita humtaja Mwana Mkisi, mwanamke aliyetawala mji huu kabla ya Shehe Mvita. Kule Lamu desturi ya baba kumpa binti yake nyumba anapoolewa imeendelea vizazi na vizazi, mume akaja kukaa kwa mkewe. Lakini katika kuzihesabu nasaba zetu tumezoea kumtaja baba, na baba wa baba, hadi bahari ikavukwa, na mabibi zetu wakaachwa nyuma bila hata jina.

Tusisahau pia kwamba suala la asili halikuwa mchezo katika mji huu. Enzi ya Waingereza, daraja la mtu katika makaratasi ya serikali ndilo lililoamua alipe kodi ya vibanda au asilipe, na apate sauti gani katika mambo ya nchi. Waarabu walitengewa nafasi yao katika Baraza la Kutunga Sheria, na watu wa Thenashara Taifa wakahangaika miaka mingi kutafuta wahesabiwe upande gani. Ndugu wa ukoo mmoja waligawanyika kwa ajili ya daftari la mtu mwingine. Jeraha hilo halijapona kabisa, na ndiyo sababu tunaiogopa kidogo habari hii inapofika mikononi mwa wenye kutafuta hoja za kubaguana, wakisema huyu ni wa asili na yule ni wa kuja.

Hofu nyingine ni ya makaburi yenyewe. Dini yetu imetufundisha kwamba heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai. Watafiti walizungumza na wakaazi wenyewe na kupata ridhaa yao, na mifupa ikarudishwa ardhini baada ya vipimo kuchukuliwa. Adabu hiyo inafaa iwe sharti kwa kila atakayekuja baada yao. Na tukumbuke kuwa watu 80 si Waswahili wote: wengi katika waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya wenye vyeo, na wavuvi, wakulima na watumwa waliojenga miji ile kwa jasho lao hawakuachiwa makaburi ya mawe.

Iko, hata hivyo, faida iliyo karibu zaidi na majumba yetu. Posa inapoletwa, wazee huuliza: ni mtoto wa nani, wa mlango gani, wazee wake walitoka wapi? Ni maswali ya haki. Lakini elimu hii hii ya vinasaba inatupa swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra: je, wachumba hawa wamepimwa selimundu? Pwani ni nchi ya malaria, na kinasaba cha ugonjwa huo kilienea katika nchi za malaria kwa sababu mwenye kukibeba kimoja hukingwa na malaria kali, naye huishi akiwa mzima asijue kuwa anacho. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne mtoto azaliwe na ugonjwa, na maumivu yake anayajua mzazi aliyekesha na mtoto wake hospitalini. Kipimo chake huhitaji damu kidogo tu. Kwa wale wanaoozana binti ami na mwana wa ami, jambo ambalo sheria imeliruhusu, haja ya kupima ni kubwa zaidi, kwani wenye babu mmoja huweza kurithi kinasaba kimoja.

Kuhifadhi kizazi ni katika makusudio ya sheria yetu, na kipimo hakimkatazi mtu ndoa. Humfungua macho kabla ya kufunga akidi. Tungependa kuona masheha na makungwi wakilitaja jambo hili kama wanavyotaja mahari, wala isiwe aibu kwa mzazi wa binti kuliuliza.

Sura ya Al-Hujurat imekwisha kutueleza kwamba mataifa na makabila yamefanywa ili watu wajuane, na kwamba aliye bora ni mcha Mungu. Basi vijana wanapotuuliza tumetoka wapi, tuwajibu yote: kwa baba zetu waliovuka bahari na kwa mama zetu waliokuwa hapa, kila upande kwa jina lake tunalolijua. Na wanapotuletea posa, tuwaulize pia juu ya damu watakayowarithisha watoto wao. Wallahu a'alam.