Mficha Uchi Hazai

Akina mama wa pwani tumelelewa kwamba mambo ya unyumba ni siri ya chumbani, na mwenye mimba changa haitaji mimba yake mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Malezi hayo ni mema, wala siyabezi. Lakini yapo mambo ambayo kuyanyamazia ni hatari, na mojawapo ni kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho mimi nilifanyiwa mara ya kwanza nikiwa na mimba ya majuma 11.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Wabera, mjini Isiolo, mtaa wenye jina la marehemu Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya aliyeuawa mwaka 1963. Nina umri wa miaka 28, na mimba hii nimeingojea miaka 6. Basi muuguzi wa kliniki aliponishauri nipimwe, mavyaa wangu aliyenisindikiza alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "mimba haichokolewi."

Hofu yake haikuwa ya mzaha, na wengi wanayo. Mlango wa kizazi ni ile shingo iliyo chini ya kizazi. Muuguzi hutia chombo cha kupanulia njia, kisha huupangusa mlango huo kwa kiburashi laini ili apate chembechembe za kupeleka maabara. Ni kazi ya dakika chache. Kiburashi hakiingii anamolala mtoto, naye yumo ndani ya mfuko wake wa maji. Tone la damu laweza kuonekana siku hiyo, kwa kuwa mlango huo hujaa damu wakati wa mimba. Ikizidi, ni kurudi hospitali upesi. Tukumbuke pia kwamba mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi 3 ya mwanzo, hata kwa wasiopimwa. Anayeona moyo wake mzito aweza kuzungumza na daktari, angoje mpaka ajifungue.

Kipimo hiki asili yake ni kazi ya George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyehamia Marekani, na kilianza kuenea miaka ya 1940. Faida yake ni kwamba ugonjwa huu huja polepole, aghalabu miaka 10 na zaidi, bila maumivu. Huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa tendo la ndoa, na hata mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe aweza kuvipata. Kwa hiyo kupimwa si kushukiwa. Hapa Kenya yakadiriwa kuwa saratani hii huua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka.

Na sitara je? Wanazuoni wameeleza kwamba penye haja ya matibabu uchi waweza kuonwa, kwa kadiri ya haja tu, na tabibu mwanamke hutangulizwa. Niliomba muuguzi mwanamke, nikapewa shuka, pazia likavutwa, mavyaa akaketi karibu na kichwa changu. Sisi wa madhehebu ya Shafi tujue pia kwamba kitu kikiingizwa kwa njia hiyo mchana, saumu hubatilika. Basi siku ya kupimwa isiwe siku ya kufunga.

Majibu yalikuja baada ya majuma 3: chembechembe zimebadilika kidogo, lakini si saratani. Usiku ule sikupata usingizi. Daktari alinieleza kwamba mabadiliko madogo mara nyingi hupotea yenyewe, na kwamba mja mzito kama mimi hakatwi wala hachomwi. Huangaliwa, akapimwa tena baada ya kuzaa. Sasa mimba ina miezi 6, mtoto anacheza, alhamdulillahi, na tarehe ya kurudi imeandikwa katika kitabu changu cha kliniki.

Kwa wengi wetu, mimba ndiyo pekee inayotufikisha kliniki. Basi ukifika, dada yangu, uliza kama wakati wako wa kupimwa umefika. Hapa nchini wanaotakiwa hasa ni wenye miaka 25 hadi 49. Na ukiwa na binti wa miaka 10, ulizia ile chanjo iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019, ili yeye akue na kinga ambayo sisi hatukuipata. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na mficha maradhi, kilio humfichua.