Mama, Hesabu Mishipi Kabla ya Kupanda Gari

Leo tunazungumza na akina mama na walezi wote, kutoka Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago. Swali letu ni hili: unapompeleka mtoto kliniki, upande gari dogo, matatu au boda boda?

Kila mama anaijua steji ya asubuhi. Matatu haijajaa. Kando yake kuna Probox iliyo tayari kuondoka. Makanga anakuambia, "Mama ingia, mtoto utampakata." Ukichungulia ndani, gari la watu 5 limebeba watu 9, na wawili wameketi nyuma pamoja na mizigo. Nawe unajua foleni ya kliniki ni ndefu. Utafanya nini?

Kwanza tuelewe kinachotokea gari linapogonga. Gari husimama ghafla, lakini mwili wa aliye ndani huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huweza kukutoka mikononi kwa nguvu inayozidi uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Hakuna mama anayeweza kuzuia uzito huo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Je, basi gari dogo ni baya na kubwa ni zuri? La. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, katika barabara ya Meru na Embu, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Ukubwa wa gari peke yake hauokoi. Shida ya ile Probox si udogo wake. Shida ni kwamba mishipi ni 5 na watu ni 9. Tena gari lililolemewa huchelewa kusimama, na barabara zetu zina miteremko na kona kali.

Ndiyo maana kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza mshipi kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa. Kwa hivyo, mama, fanya hivi:

1. Hesabu watu na mishipi. Watu wakizidi, ngoja gari lingine. Ukiweza, ondoka nyumbani mapema ili usilazimike kuharakisha.

2. Usiombe lifti kwenye gari la miraa. Miraa huharibika upesi, na dereva wake hukimbizana na saa.

3. Mtoto akiwa na kiti chake, afungwe mshipi wake. Ikibidi umpakate, keti kiti cha nyuma, ujifunge wewe kwanza. Usimzungushie mtoto mshipi wako, kwa maana mkigonga utamponda.

4. Ukiwa mjamzito, mshipi wa chini upite chini ya tumbo, na wa juu upite katikati ya matiti.

5. Boda boda iwe njia ya mwisho. Ukiipanda, vaa helmeti, na msipande zaidi ya abiria mmoja.

Na wewe baba mwenye gari lako, mnunulie mtoto kiti chake na ukifunge nyuma. Siku ambayo uko peke yako, fikiria kupanda matatu. Matatu moja yenye abiria 14 hutoa moshi kidogo kuliko magari 14, na mapafu ya watoto wetu huumizwa upesi na moshi.

Ajali ikitokea na mtoto agonge kichwa, mpeleke hospitali mara moja ukiona anatapika tena na tena, analala asiamke vizuri, anapata degedege, au anatoka damu au maji masikioni.

Wahenga walisema, kawia ufike. Kliniki itakungoja.