Kioo cha kompyuta kinapoumiza kichwa

Kijana mmoja anayechapa mitihani na barua katika duka la steshenari alinijia zahanati akilalamika kuwa kila jioni kichwa kinamgonga na macho yanawaka. “Daktari, nimeshameza dozi ya malaria mara mbili, kichwa hakiachi,” alisema. Tulimpima, malaria hana, na shinikizo la damu liko sawa.

Siku nyingine nikapita dukani kwake. Kioo cha kompyuta kimeelekea mlangoni, jua linapiga juu yake, na yeye ameupandisha mwangaza hadi 100 ili aone. Usiku jua likishazama, mwangaza unabaki pale pale. Vitufe vilivyo chini ya kioo hajawahi kuvigusa.

Vitufe hivyo ndivyo vinavyofungua menyu ya marekebisho. Alama ya jua ni ya mwangaza. Duara lililo nusu jeusi na nusu jeupe ni la kutenganisha weusi wa herufi na weupe wa karatasi. Kwanza geuza kioo ili dirisha au mlango uwe ubavuni mwako, si mbele wala nyuma yako. Kisha weka karatasi nyeupe kando ya kioo, na ufungue ukurasa mweupe. Ukurasa ukiwaka kama taa, punguza mwangaza. Ukiwa na rangi ya kijivu, ongeza. Usiku rudia kipimo hicho. Halafu rekebisha lile duara mpaka herufi zikolee bila kuchoma macho.

Faida ya pili iko kwenye LUKU. Katika vioo bapa vya siku hizi, umeme mwingi huliwa na taa iliyo nyuma ya picha. Ukipunguza mwangaza, umepunguza na matumizi. Aidha, ndani ya kompyuta kuna mpangilio wa kulaza kioo kisipotumika: weka dakika 5 au 10. Ukienda kuswali au kula, kitalala chenyewe, na ukigusa kibao cha herufi kitaamka. Wengi hudhani zile picha zinazotembea kwenye kioo huokoa umeme. Sivyo, kwani taa bado inawaka. Kuacha kioo kikiwaka chumba kitupu ni israfu, kama kuacha bomba likitiririka.

Hata hivyo, vitufe havitoshi. Tunapokodolea kioo tunapepesa macho mara chache, nayo hukauka na kuwasha. Kaa umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu wa kioo usizidi usawa wa macho. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, huku ukipepesa.

Aliyefikia miaka 40 akaona herufi za karibu zinafifia, huenda anahitaji miwani, na kurekebisha kioo hakutamsaidia. Na kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu, chenye homa, kutapika au kupoteza uwezo wa kuona, kisingiziwe kompyuta kamwe: wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana yule aligeuza meza na kushusha mwangaza. Baada ya wiki mbili alirudi zahanati, safari hii akimsindikiza mama yake kupima presha. Kichwa chake, alisema, kimetulia. Usimeze dawa ya malaria kabla ya kupima.