Bastola Chini ya Kitanda

Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu raia kumiliki silaha moja ya moto kwa ajili ya kujilinda. Ruhusa hiyo imo katika kifungu cha 13 cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2004. Haitolewi kiholela. Mwombaji sharti awe na miaka 21, apate cheti baada ya mafunzo na mtihani, awe na sefu la chuma, na aeleze kwa nini hawezi kujilinda kwa njia nyingine. Akikubaliwa hupewa bastola au bunduki ya marisawa, kwa leseni ya miaka 5.

Wanaoomba wana sababu. Mara nyingi wavamizi huja kwa kundi, usiku, wakiwa na silaha, wenye nyumba wakiwa wamelala ndani. Mwenye uwezo huweka uzio wa umeme, nondo, king'ora, na kitufe cha dharura kinachoita kampuni ya ulinzi. Walinzi binafsi nchini humo wanazidi 500,000, wengi kuliko askari polisi wote. Mkazi wa Khayelitsha, kule Cape Town, hana hela ya kulipia kampuni hizo. Mkulima wa Free State anaishi kilomita nyingi kutoka kituo cha polisi, na hata anayekimbia kumsaidia anaweza kufika mambo yakiwa yameisha. Hapa ndipo hoja ya watetezi wa bunduki ina uzito wa kweli: mtu asiye na wa kumjia hawezi kuambiwa avumilie tu. Historia nayo inachochea mashaka. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi Weusi walinyimwa leseni kwa muda mrefu huku Wazungu wakizipata, na wapo wanaoona kila zuio jipya kama njia nyingine ya kumwacha mnyonge mikono mitupu.

Hata hivyo, leseni ya kumiliki si ruhusa ya kuua. Sheria ya kujihami inataka shambulio liwe haramu, liwe limeanza au linakaribia kabisa kuanza, na nguvu inayotumika iwe ya lazima na isipite kiasi. Kuhusu mali peke yake, mahakama ziliwahi kulegeza sana. Katika shauri la Van Wyk la mwaka 1967, mwenye duka aliyechoshwa na wizi alitega bunduki mlangoni, akabandika onyo, na mwizi aliyeingia akauawa. Mahakama ya rufaa ya wakati huo ilikubali kwamba mtu anaweza kuua kulinda mali. Tangu Katiba ya mwaka 1996 iweke haki ya kuishi kuwa ya kila mtu, wanasheria wengi wanatilia shaka kama msimamo huo bado unaweza kusimama, na wana haki ya kushuku: duka lililovunjwa hujengwa upya.

Kesi iliyoupima mjadala huu kwa undani zaidi ni ya mwanariadha Oscar Pistorius. Kabla ya alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, alifyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa na kumuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alijitetea kwamba alisikia dirisha la bafuni likifunguka, akadhani ni mvamizi, akachukua bastola ya milimita 9 iliyokuwa chini ya kitanda, akaifuata sauti. Mtaa ule ulikuwa na ukuta na walinzi. Mwaka 2014 Jaji Thokozile Masipa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa, Bloemfontein, ilibadili hukumu hiyo kuwa ya mauaji, na adhabu ikaishia miaka 13 na miezi 5.

Sababu ya majaji hao ndiyo inayomhusu kila mwenye bastola. Walisema haijalishi Pistorius alidhani nani yumo chooni. Chumba kilikuwa kidogo, hakina pa kujificha. Aliyefyatua risasi 4 ndani yake alijua kuwa yeyote aliyemo angeweza kufa. Kwa hiyo, hata angekuwamo mwizi kweli, bado yangekuwa mauaji.

Kosa la kumdhania mtu halikuanza na Pistorius. Mwaka 2004 mchezaji wa zamani wa raga wa timu ya taifa aliona gari likiondoka nyumbani alfajiri, akalipiga risasi akiamini linaibwa. Aliyekuwa akiliendesha ni binti yake. Waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki baba huyo.

Sheria inataka silaha isiyo mikononi mwa mwenyewe iwe ndani ya sefu. Lakini anayeshtuka usingizini kwa kioo kilichovunjika anapaswa kuamka, kupapasa ufunguo gizani, kufungua, kushika na kutambua aliye mbele yake, huku moyo ukimwenda mbio. Ndiyo maana wengi huishia kuilaza chini ya kitanda, ambako mtoto huifikia, na mume mwenye hasira pia.

Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake katika miji 3 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta kwamba kwa kila mara 1 bunduki ya nyumbani ilipotumika kujilinda kihalali, kulikuwa na ajali 4, mashambulizi au mauaji 7, na matukio 11 ya kujiua au kujaribu kujiua. Wapinzani wake hujibu, kwa haki, kwamba hesabu hiyo haioni mwizi aliyetimka kwa kuonyeshwa bastola tu.

Mwaka 2021 serikali ya Afrika Kusini ilitoa rasimu ya sheria iliyotaka kuondoa kujilinda katika sababu za kupewa leseni, na upinzani ukawa mkali. Upande wa udhibiti una ushahidi: utafiti wa miji 5 ya nchi hiyo uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa sheria ya mwaka 2000 iliokoa maisha ya watu zaidi ya 4,500 kati ya 2001 na 2005. Lakini mwaka 2016 kanali wa polisi, Chris Prinsloo, alifungwa miaka 18 kwa kuyauzia magenge silaha zilizokusanywa ili ziharibiwe. Serikali inayotaka raia asalimishe bastola yake inapaswa kwanza kuziba ghala zake yenyewe, kisha ipeleke doria na taa za barabarani Khayelitsha.