Vidonge vya Vitamini C na Tumbo Lisilostahimili

Utangulizi

Mji wa Burnt Forest, katika Kaunti ya Uasin Gishu, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Penye baridi kama ya huko hapakosi mafua, na penye mafua siku hizi hapakosi kidonge cha vitamini C. Mazoea hayo yalipata nguvu mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini Kenya, na watu wengi wakatafuta kinga katika malimau, tangawizi na vidonge. Hata hivyo, wapo ambao kila wamezapo kidonge hicho huandamwa na kiungulia, kichefuchefu, tumbo kunguruma au kuhara. Aghalabu mtu wa aina hiyo huhitimisha kuwa ana vidonda vya tumbo, akaanza kununua dawa za ugonjwa ambao hakupimwa. Makala haya yanadhamiria kufafanua kiini cha tatizo hilo na namna ya kuliepuka.

Maana ya vitamini C

Kiswahili kina neno kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu. Mwaka wa 1747, daktari Mskoti aliyeitwa James Lind aliwajaribia dawa mbalimbali mabaharia waliougua ugonjwa huo katika meli ya Salisbury, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Jina la kisayansi la vitamini C, yaani asidi askobiki, lenyewe lina maana ya asidi ipingayo kiseyeye. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini hii. Sharti iletwe na chakula.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Shirika la Afya Duniani limependekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, ilhali Marekani imependekeza 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume. Vidonge vingi madukani vina miligramu 500 au 1,000. Kwa hivyo, amezaye kimoja cha miligramu 1,000 amepita mahitaji yake ya siku zaidi ya mara kumi.

Sababu za tumbo kulalamika

Tatizo lina sura mbili. Ya kwanza ni uchachu. Ni kweli kwamba asidi inayotolewa na tumbo lenyewe ni kali kuliko asidi askobiki. Kwa hiyo kidonge hakitoboi tumbo zima kama wengi wanavyodhani. Lakini kikimezwa alfajiri kabla ya kula, na ngozi ya ndani ya tumbo au ya koo imekwisha kuchubuka, huchoma mithili ya limau kwenye kidonda.

Sura ya pili iko chini zaidi, katika utumbo. Utumbo una kikomo cha kufyonza vitamini C. Mtu akipata miligramu 30 hadi 180 kwa siku, hufyonza kati ya asilimia 70 na 90. Akizidisha gramu moja, hufyonza chini ya nusu. Kinachobaki huvuta maji utumboni, na matokeo yake ni msokoto na kuhara. Ndiyo sababu wataalamu wa Marekani wameweka kikomo cha miligramu 2,000 kwa siku kwa mtu mzima. Ifahamike kwamba matumbo hayalingani: anachostahimili mmoja humlaza mwingine.

Namna ya kupunguza adha

Mwenye tumbo jepesi ana njia kadhaa. Kwanza, ameze kidonge baada ya chakula, kwa maji ya kutosha. Pili, apunguze kipimo, au akigawe mara mbili au tatu kwa siku. Tatu, aulize katika duka la dawa vidonge ambavyo asidi yake imepozwa kwa kuunganishwa na kalsiamu au sodiamu. Wengine huviona vipole zaidi. Vile vinavyotoa povu majini huwa na sodiamu nyingi, hivyo mwenye shinikizo la damu ajihadhari navyo. Aliyewahi kupata mawe ya figo, au ambaye mwili wake hulimbikiza madini ya chuma kupita kiasi, asitumie vipimo vikubwa bila ushauri wa daktari.

Njia ya nne imo sokoni. Gramu 100 za mapera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na za machungwa takriban 50. Sukuma wiki, kabeji na viazi, mazao yanayofahamika vyema Burnt Forest, vinayo pia, mradi visichemshwe mno na maji yake kumwagwa. Tumbo linalokataa kidonge huenda likakubali mboga na pera.

Tahadhari muhimu

Kosa kubwa zaidi ni kukilaumu kidonge kwa kila maumivu. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Australia, walituzwa Nobeli mwaka wa 2005 kwa kugundua bakteria ambayo ni chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo. Dawa za kutuliza maumivu kama aspirini na ibuprofeni nazo huvisababisha. Anayeacha vitamini C lakini maumivu yakaendelea, anayekonda bila sababu, au anayetapika damu au kupata choo cheusi, aende hospitali apimwe. Dawa za kuongeza damu pia hufanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo mgonjwa amweleze daktari kila anachomeza.

Hitimisho

Utafiti umeonyesha kwamba watu wa kawaida wanaomeza vitamini C kila siku hawaepuki mafua. Watu wazima hupunguziwa tu muda wa kuugua kwa takriban asilimia 8. Faida hiyo ndogo haistahili kununuliwa kwa tumbo linaloumia kila asubuhi. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Katika suala hili, mwenye tumbo lisilostahimili akumbuke kuwa kibaba kikijaa, kinachoongezwa humwagika.